Zamu ya Philbert

Bukiriro, Ngara
14 Januari 2024

Mdogo wangu Deodata,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo, isipokuwa wifi yako Jovitha, goti limemvimba tena na hataki kusikia habari za hospitali mpaka maharage yote yaingie ndani. Mvua si haba. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Irakoze wangu naye amejifungua mtoto wa kike huko Mbuba, kwa hiyo wewe ni bibi kwa mara nyingine, hata kama hukuulizwa.

Nakuandikia kwa kalamu kama alivyotuamuru baba mdogo Celestini siku ya kumaliza msiba. Alisema simu zetu wewe na mimi zinaunguza masikio ya ukoo mzima, na kuanzia siku ile mwenye neno aliandike, maana karatasi haimkatizi mtu. Mimi nimetii. Wewe sijui umetii nini, maana ni mwaka na miezi mitatu sijapata hata mstari mmoja.

Neno lenyewe ni hili. Tarehe 7 Septemba baba atatimiza miaka miwili kaburini. Nimeongea na paroko, Misa itasomwa hapahapa nyumbani. Kaburi nimeshalijengea kwa tofali nilizochoma mwenyewe. Limebaki jiwe la maandishi, na yuko fundi pale Ngara mjini, chini kidogo ya stendi, anayechonga vizuri. Nataka jiwe liseme habari za meli. Wakulima tuko wengi hapa, lakini hakuna mwingine katika kata hii aliyechochea makaa kwenye meli ya mvuke, ikazama, naye akarudi nyumbani akiwa hai. Nataka mwaka na tarehe. Nataka kujua alikaa majini muda gani. Nilipokuwa nasoma wasifu wake msibani nilisema siku mbili, ameshika ubao, lakini jiwe si mdomo, haliwezi kujirudi.

Kitabu chake cha baharia kimo kwenye kile kisanduku cha bati, na kisanduku ulibaki nacho wewe. Mpe Samweli wa basi, ni mtu mwaminifu. Usinipigie picha kwa simu ya shemeji Anold. Nataka kukishika.

Najua alikusimulia mengi. Miaka minne ya mwisho alikaa kwenye uwanja wako akisimulia kutwa. Mimi niliyeishi naye zaidi ya miaka hamsini sikuambiwa hata rangi ya bomba la moshi. Sisemi kwa ubaya.

Ni mimi kaka yako,
Gaudence


Nyakahura, Biharamulo
2 Machi 2024

Kaka Gaudence,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki tano kwenye koti la Samweli, na koti lilikuwa limetundikwa kwa mke wake. Huyo ndiye mwaminifu wako. Sisi ni wazima. Anold anakohoa vumbi la barabara, malori hayaishi. Anneth amemaliza chuo cha ualimu na anasubiri kupangiwa kituo. Anamsalimu mjomba wake. Mpe wifi pole ya goti, na umwambie maharage hayana miguu, yatamsubiri.

Umesema husemi kwa ubaya. Mtu akisema hivyo ujue ameshamaliza kusema.

Bomba la moshi lilikuwa jeusi, na mkanda wa njano juu. Hilo nakupa bure. Mengine nakuandikia kwa kuwa umeuliza, na kwa kuwa baba hakunikataza haya.

Meli yenyewe, Tausi, iliundwa Ulaya mwaka 1943, vita ikiwa imepamba moto. Wajerumani walikuwa wanazizamisha meli za Waingereza haraka kuliko zilivyoundwa, basi zikawa zinaundwa mbiombio, vipande vinaletwa vimeshakatwa na kuunganishwa kwa kuchomelea. Waliotengeneza walitaka iishi miaka mitano tu, vita iishe. Baba alikuwa akicheka: "Vyaelea vimeundwa, lakini hii iliundwa na watu waliokuwa wanaangalia saa." Vita ilipokwisha ikauzwa, ikauzwa tena, mpaka ikamfikia tajiri mmoja wa Mombasa aliyeibatiza Tausi. Baba alisema ilifanana zaidi na kanga aliyenyeshewa. Jina la zamani lilikuwa herufi za chuma zilizochomelewa puani, na hata wangepaka rangi mara ngapi, jua likilalia upande mmoja ulilisoma.

Baba alifika Tanga akiwa na miaka ishirini, kwenye lori la manamba, kukata mkonge. Kutoka kukata akaenda kubeba marobota bandarini. Siku moja mchochea makaa wa Tausi aliugua, wakauliza nani ana mgongo wa kushinda chini. Alishuka kwa safari moja, akakaa miaka minane. Walipakia mkonge Tanga, korosho Mtwara, boriti Rufiji, chumvi na saruji popote. Kule chini hukuwa na asubuhi wala jioni. Ulikuwa na zamu: saa nne kwenye moto, saa nane juu, kisha unarudi. Matanuri yalikuwa sita. Aliyepokezana naye beleshi alikuwa kijana wa huku Biharamulo, Philbert, ambaye walipanda lori moja. Baba alisema Philbert alikuwa na mkono mwepesi kuliko wake, akitupa makaa yanatandaa kama ulezi juani.

Meli ilikuwa inavuja mvuke kila kiungo. Manahodha walibadilishwa, mabaharia walikimbia, wao wawili walibaki. Mama akiitaja, unakumbuka, alikuwa akiiita "mke mwenzangu."

Kitabu sitatuma. Na ile habari ya siku mbili na ubao, kaka, nakuomba usiiandike kwenye jiwe.

Mdogo wako,
Deodata


Bukiriro
17 Machi 2024

Deodata,

Salamu. Goti limepungua. Ndama anakunywa maziwa yote na mama yake anampa tu, kama mtu ninayemjua. Kahawa imechanua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Mara ya pili nilitaka kuitia motoni. Ulezi juani, kanga aliyenyeshewa! Hayo ni maneno ya baba kabisa, nasikia sauti yake, na sauti hiyo haikuwahi kusema nami hivyo hata siku moja. Nina wivu. Nimeliandika, basi lisome vizuri uwasomee na jirani zako.

Nikueleze alivyonifundisha mimi. Unajua baba ndiye alikuwa mchomaji tofali wa kutegemewa kuanzia hapa hadi Mbuba, na watu walishangaa mbona tanuri lake halitoi tofali mbichi katikati wala zilizoyeyuka pembeni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliponiita. Hakusema neno. Alinishika mkono akausogeza mdomoni mwa tanuri mpaka nywele za mkono zikaungua, akaurudisha nyuma kidogo, akaniacha hapo. Nikajua moto wa kiasi hiki ndio. Kisha akanionyesha kwa kidole wapi pa kutupia gogo. Akihesabu muda wa zamu yake umekwisha, akinipa mti wa kuchochelea, alikuwa anageuka na kuondoka bila kunitazama. Miaka na miaka hivyo. Nilidhani ndivyo wanaume wa meli walivyo. Kumbe maneno alikuwa nayo, gunia zima, anakuwekea wewe.

Na kila nilipoanza kusimulia habari ya Tausi kwenye pombe, jinsi alivyoogelea, alikuwa anainuka na kwenda nyuma ya nyumba. Nilisema baba ana unyenyekevu. Watu wakampenda zaidi kwa hilo.

Sasa wewe unaniambia nisiandike. Kwa nini? Evaristi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, ameshatangaza kwamba tutasoma Misa ya baharia. Fundi ameshachora maneno kwa chaki. Unataka baba ashushwe kwa sababu aliyempandisha ni mimi. Kisanduku unacho, hadithi unazo, miaka yake minne ya mwisho unayo. Mimi nimebaki na kaburi, na hata hilo unataka kunishika mkono ninapoandika.

Kitabu kitume.

Gaudence


Nyakahura
20 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Tumemzika jirani, ndiyo maana nimechelewa. Anneth bado anasubiri. Mihogo mwaka huu imeoza.

Sina maneno mengi. Tausi ilizama tarehe 19 Juni 1966, kusini mwa Mafia, imejaa saruji. Bahari ilichafuka, ikakatika katikati, palepale walipoiunga mwaka wa vita. Waliokuwa juu waliokolewa na meli nyingine. Walipotea watu kumi na mmoja, na waliokuwa chini kwenye makaa hakutoka hata mmoja.

Andika tarehe hiyo ukitaka. Ila jina la baba usiliweke karibu nayo. Usiniulize zaidi.

Deodata


Bukiriro
26 Mei 2024

Deodata,

Tunaishi. Sisemi habari za nyumbani leo kwa kuwa nyumbani ni mimi, na mimi siko sawa.

Tarehe 19 Juni 1966. Umeiandika kama mtu anayetaja siku ya mnada. Unajua mimi nilizaliwa lini? Tarehe 21 Juni, mwaka huohuo. Siku mbili! Maisha yangu yote nimeamini baba alishaokoka na kurudi, ndipo nikazaliwa mikononi mwake. Kumbe mama alikuwa analia uchungu hapa Bukiriro, naye yuko kusini mwa Mafia na huyo mke mwenzake. Nimekwenda kumuuliza baba mdogo Celestini kama baba alikuwepo siku yangu. Anasema alikuwa na miaka mitano, anakumbuka watu wanakunywa tu.

Na umesema waliokuwa chini hakutoka hata mmoja. Basi baba alikuwa juu, amekaa, wenzake wanakufa? Ndiyo aibu unayoificha? Hata hivyo ni baba yangu. Mtu anaweza kuwa nje ya zamu bila kuwa mwoga.

Nilijua mapema kwamba mimi si wa kwanza moyoni mwake. Kulikuwa na meli, kisha ukazaliwa wewe. Nitasema leo lile ambalo sijalisema tangu 1991. Walipokuja wazee wa Anold kukuposa, walikuja na ng'ombe wanne wazuri, niliwafungulia zizi mwenyewe. Unajua desturi: ng'ombe wa dada ndio humwoza kaka. Jovitha alikuwa ananisubiri, wazee wake walikuwa wameshasema siku. Baba akapokea jembe moja na mtungi wa pombe, akasema inatosha, ng'ombe warudi. Warudi! Mama alilia jikoni. Mimi nilichoma tofali za watu misimu mitatu ndipo nikamchukua mke wangu, na kila tofali niliyoitoa kwenye tanuri niliiita jina lako.

Alimpenda Anold kiasi hicho, au alikupenda wewe kiasi cha kutotaka kukuuza? Nimejiuliza miaka thelathini na tatu. Mimi hakuwahi kunisamehe hata mti wa kuni uliolowa.

Kama kitabu kinasema alikuwa mwoga, kitume niione aibu hiyo kwa macho yangu. Usipokituma, Misa itasomwa, na jiwe litasema alivyosema mwanawe wa kwanza.

Gaudence


Nyakahura
14 Julai 2024

Kaka yangu Gaudence,

Shikamoo. Anneth amepangiwa shule, ni huko kwenu Ngara, utamwona. Anold ameacha kukohoa. Tumeshavuna mtama. Sasa kaa chini, kama hujakaa.

Kitabu kiko ndani ya bahasha hii, nimekizungushia kanga yangu ya zamani. Fungua ukurasa wa mwisho wenye mhuri. Utaona: ameshuka Tanga, tarehe 2 Juni 1966, kwa ombi lake mwenyewe. Baba hakuwa majini, kaka. Hakuwa chini wala juu. Siku Tausi inakatika alikuwa Bukiriro, anakata ndizi za pombe, anakusubiri wewe.

Watoto wawili waliokutangulia walikufa siku ya kuzaliwa, hilo unalijua. Mei ile alipata barua kutoka misheni kwamba mama ni mzito na hali yake si nzuri. Lakini likizo ilikuwa mtu mmoja mmoja, na mwezi ule ilikuwa zamu ya Philbert. Alikuwa hajaona kwao miaka mitatu. Mzigo wake ulikuwa umeshafungwa, mpaka sufuria ya mama yake ilikuwa imeshanunuliwa. Baba hakumwomba, alisoma tu barua kwa sauti. Philbert akafungua mzigo, akamwambia, "Nenda wewe, mimi sina anayezaliwa. Utaishika zamu yangu ukirudi."

Hakuna aliyerudi. Baba alifika hapo nyumbani siku tatu kabla yako. Alikupokea, alikufungia kamba ya kitovu kwa uzi wa gunia la mkonge. Siku ya ubatizo wako, watu wanakunywa, redio ya misheni ikaitaja meli, bila kutaja siku iliyozama. Hapo ndipo ikaanza. Watu waliposikia imezama na wakamwona yuko hai, walisema ameokoka. Hakuwakatalia. Angewaambia nini? Na wewe ulipokua ukaisimulia hadithi hiyo kwa majivuno, yeye akawa anakwenda nyuma ya nyumba. Haukuwa unyenyekevu.

Alinieleza haya mwaka mmoja kabla hajafa. Nilimuuliza kwa nini hamwambii Gaudence. Akasema, "Nikimtazama naona beleshi mkononi mwa Philbert." Ndiyo sababu hakuwa akikutazama, kaka. Si kwamba hukuwa wa kwanza. Ulikuwa wa kwanza mno.

Sasa wale ng'ombe. Philbert alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Anold. Wale wazee walioleta ng'ombe hawakujua lolote. Anold aliniona sokoni akanipenda, basi. Ni baba aliyewatambua walipotaja ukoo wao. Angewezaje kuchukua ng'ombe kwa watu hawa? Akapokea jembe, akanitoa. Hakumwambia mtu sababu, hata mama, hata mimi. Unajua nilivyoitwa huku? Mke wa bure. Mama mkwe alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu alikuja na upepo." Wanawake waliniuliza nina kasoro gani iliyofichwa. Miaka thelathini nilijiuliza swali hilo nikiwa peke yangu shambani, wewe ukidhani nimependelewa.

Na miaka yake minne ya mwisho hakuja kwangu. Alikuja kukaa kwenye uwanja aliozaliwa Philbert. Kila siku alikigeuza kiti kuelekea pale ilipokuwa nyumba ya mama yake Philbert, na hadithi zote zile alikuwa anamsimulia rafiki yake. Mimi nilikuwa nachambua mchele hapo karibu, nikasikia. Ndiyo urithi wangu unaouonea wivu.

Umeandika una wivu, nami nitaandika. Sikukuficha haya kwa kukuhurumia. Nilikuficha kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wewe huna. Ukikijua, utakuwa nacho chote. Mimi baba alinipa hadithi za meli. Wewe aliiacha meli nzima kwa ajili yako. Mimi niliolewa kwa jembe ili dhamiri yake ipoe. Nikiwaza hivyo nakuchukia kabisa, halafu nakumbuka ulivyonibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa na homa, nashindwa kuendelea.

Andika unachotaka kwenye jiwe. Sina la kukuzuia tena.

Deodata


Bukiriro
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Deodata,

Salamu nyingi sana. Goti la wifi yako limepona. Anneth amefika, amekula hapa Jumapili, anacheka kama wewe. Ndama tumemwachisha.

Kitabu nimekishika. Kina alama ya kidole cha makaa pembeni ya mhuri. Nimeweka kidole changu juu yake, kinalingana.

Nimekaa siku kumi bila kuandika, na kwa siku tano za kwanza nilikuwa nimekasirika nawe. Siku ya sita nilikwenda Ngara mjini. Fundi alikuwa ameshachonga neno BAHARIA, akalalamika nilipomwambia alisawazishe. Jiwe litakuwa na jina la baba, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Evaristi amenuna, anasema nimeharibu Misa. Nimemwambia Misa haijaharibika, ni mimi niliyekuwa naiharibu.

Siku hiyo nitasimama. Nitawaambia watu kwamba baba hakuogelea popote, na kwamba wote waliokunywa pombe ya ubatizo wangu walikunywa kwa zamu ya mtu mwingine. Kisha nitawaambia kwa nini dada yangu hakutolewa ng'ombe. Nataka uwe umekaa mbele, na mama mkwe wako kama bado anaweza kusafiri umlete, asikie mwenyewe. Kama hawezi, nitakuja nimwambie sebuleni kwake.

Usidhani wivu umeisha. Hukuniachia hata sentensi moja ya baba ambayo aliisema kwa ajili yangu, isipokuwa ile ya beleshi. Lakini hiyo naona itanitosha, ingawa ni nzito.

Nimewaza jambo. Baba nimemjengea kaburi la tofali mia nne. Philbert hana hata moja. Mwambie shemeji Anold aanze kufyatua sasa hivi, kabla mvua hazijarudi, na achague mahali pale kiti cha baba kilipokuwa kinaelekea. Asimtafute mchomaji huko Biharamulo. Tukimaliza Misa nitapanda gari na wewe, na nitakuja na kitabu, kikae ndani ya kaburi hilo badala ya mwili wake.

Wapange tanuri, lakini moto wasiuwashe mpaka nifike. Nitauchochea mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na asije mtu kunipokea. Zamu ile ni yetu, nasi tumechelewa kuishika.

Ukitaka kunijibu, nipigie simu. Baba mdogo nitamweleza.

Kaka yako,
Gaudence